Mtemi Aliyewaahidi Wafalme Wawili

Nakumbuka Jumapili moja ya mvua huko Birmingham, mwanangu, nilipojifunza kwamba mtu anaweza kupata alama za juu kabisa darasani na bado akawa mjinga. Mjinga huyo nilikuwa mimi. Nasema bila haya, kwa sababu leo ninaishi katika nyumba ya mawe niliyoijenga kwa jasho langu, na diploma yangu imetundikwa sebuleni. Mwenye vitu hivyo anaweza kukiri kosa moja asipungukiwe na kitu.

Nilikwenda Uingereza mwishoni mwa miaka ya sitini. Hakuna mjomba waziri aliyenisukuma. Mchana nilikata mabati katika kiwanda cha vipuri vya magari, na jioni, mikono ikinuka mafuta, niliketi darasani nikisomea diploma ya historia. Wenzangu walikwenda kupumzika, mimi nilisoma. Ndiyo maana wao ni wao, nami ni mimi.

Somo lililonipa jina lilihusu mtawala mmoja wa zamani, wa cheo ambacho Waingereza hukiita duke. Mimi nitamwita mtemi. Alitawala nchi ya milima huko Ulaya, zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Jina lake sitalitaja; ulimi wa mtu wa Machakos haukuumbwa kwa ajili ya jina lile. Magharibi yake palikuwa na mfalme mwenye nguvu, kusini yake mwingine, na wafalme hao hawakupikika chungu kimoja. Mtemi alirithi kiti akiwa mtoto. Alipokua alikwenda kwa mfalme wa magharibi, akaweka mkono juu ya mifupa ya watakatifu, akaapa kuwa mtu wake mpaka kufa. Kisha akamwoa binti wa mfalme wa kusini, na huko nako akaahidi. Kwa miaka mingi alikula kwenye meza zote mbili. Akajenga makanisa, akatoa sheria, watu wake wakalima kwa amani.

Nilisimama mbele ya darasa nikamsifu kwa dakika ishirini. Nilisema huyu ndiye mwerevu, mdogo aliyewafanya wakubwa wawili wambembeleze. Mwalimu wetu, bibi mmoja mfupi mwenye miwani minene, alinipa alama nyingi kuliko wote. Ila chini ya karatasi aliandika kwa wino mwekundu: "Nusu ya kwanza umeisimulia vizuri. Maliza kusoma." Mimi niliona alama, maandishi nikayaruka.

Basi, chumba nilikipanga pamoja na Musyoka, rafiki yangu tangu shule ya msingi. Musyoka alimpenda Eunice, msichana wa kwetu aliyekuwa akisomea uuguzi, wakakubaliana kuoana. Lakini baba yake Musyoka aliandika barua: waoane, na kabla ya mwaka kwisha wawe nyumbani wote wawili. Eunice alikuwa amebakiza miaka miwili apate cheti. Akiondoka, masomo yamekufa. Hapo ndipo palipokuwa na mfupa wa ugomvi.

Unajua mila zetu. Kijana hajisemei. Hutafutiwa msemaji, upande wa msichana nao huleta wake, wakaketi uso kwa uso. Nyumbani kazi hiyo ni ya wenye mvi. Sisi kule tulikuwa vijana watupu, baba na wajomba wako ng'ambo ya bahari. Musyoka akaniambia, "Wewe ndiye mwenye maneno. Utanisemea." Nikakubali kabla hajafunga mdomo. Wiki ile ile Dada Tabitha, binamu yake Eunice, muuguzi mkuu wa wadi na mwanamke asiyecheka ovyo, alinisimamisha nje ya kanisa.

"Upande wetu hatuna mwanamume wa kusema," alisema. "Wewe umesoma. Utatusaidia?"

Mwanangu, ilinipasa kujibu tu, "Dada, nimekwisha toa neno langu kwa Musyoka." Pumzi moja ingetosha. Sikuitumia. Sifa zilinipanda kichwani kama pombe ya asali, nikamkumbuka mtemi wangu. Kwa Tabitha nikasema, "Msihofu, Musyoka atangoja." Kwa Musyoka nikasema, "Usihofu, Eunice atafungasha." Nilidhani siku ya kikao nitapata upenyo. Njia mbili zilimshinda fisi, nami nilijiona nina miguu mingi kuliko fisi.

Kikao kilifanyika pembezoni mwa Newtown, mtaa mmoja wa Birmingham, sebuleni kwa Mzee Harbans, mwenye nyumba wetu. Huyu alikuwa Singasinga, seremala aliyezaliwa Kisumu na kuzeekea kazi ya reli kabla ya kuhamia Uingereza. Tulimwomba awe mwenyekiti kwa kuwa ndevu zake ndizo mvi pekee tulizokuwa nazo. Alifurahi mno, hata akavaa kilemba kipya.

Chai ikamiminwa. "Haya," Mzee akasema, "upande wa mvulana ndio unaanza. Msemaji wenu nani?"

"Huyu hapa," Musyoka alijibu, akinigusa bega.

Tabitha akaweka kikombe chini. "Huyu? Huyu ni wetu."

"Wenu tangu lini? Analala kitanda cha pili chumbani mwangu!"

"Na Jumamosi alikuwa kwangu, akala chapati sita, akaniambia umekubali kungoja."

"Kungoja? Mimi? Ameniambia Eunice anafungasha!"

Mzee Harbans alianza kucheka, kisha akaona nyuso zetu akaacha. "Bwana Diploma," akasema, "mimi nimetengeneza viti maisha yangu yote. Kiti kama hicho unachokalia wewe sijawahi kuona. Sema basi. Kati ya hawa, nani umemwambia kweli?"

Niliinuka kwenye kiti kile.

"Hakuna, Mzee."

Kwa mila Eunice hakutakiwa kusema neno siku ile. Aliinuka hata hivyo. "Watu wawili wametumia kinywa kimoja, na kinywa chenyewe hakijaniuliza mimi. Nitamaliza masomo yangu. Musyoka, ukiweza kuningoja, ningoje. Usipoweza, nenda salama."

Musyoka alichukua koti lake, akatoka mvuani bila kulivaa.

Nilitaka kumfuata, lakini Mzee Harbans alinishika mkono. "Kukaa katikati si dhambi," akaniambia. "Mimi niko katikati tangu kuzaliwa. Kisumu niliitwa Mhindi, hapa naitwa mgeni, na India yenyewe sijaiona. Lakini uliza mtu yeyote barabara hii Harbans anaamini nini, atakwambia. Wewe nani anajua? Nenda ukaseme unaamini nini. Leo, si kesho. Ukitukanwa, tukanwa."

Nilimkuta Musyoka kituo cha basi, ameloa. Nikamwambia naamini Eunice amalize, nilijua hivyo tangu mwanzo, na nitamwandikia baba yake mimi mwenyewe, kwa jina langu, nieleze kosa langu na sababu za Eunice. Alinitukana kwa lugha ya mama mpaka basi likaja. Juma lile akahama chumba. Barua ile niliiandika na kuichana mara nyingi kuliko karatasi yoyote ya diploma, lakini niliipeleka posta kwa miguu yangu.

Ndipo nikafungua kitabu nikasoma nusu iliyobaki. Mfalme wa magharibi alipomwita mtemi vitani, mtemi alisingizia ugonjwa akarudi kwake. Mkwewe wa kusini alipovamiwa, akakaa kimya, na mkwewe akaanguka. Kisha zamu yake ikafika. Alipofikishwa barazani kwa mfalme wa magharibi, watu wake mwenyewe ndio waliotoa ushahidi dhidi yake. Alinyolewa kichwa, akafungiwa katika nyumba ya watawa, wanawe pia, na nchi yake ikawa mkoa wa mtu mwingine. Hakuangushwa na udogo wake. Siku alipohitaji wa kumtetea, hapakuwa na mtu aliyejua yeye ni wa nani.

Jibu la baba yake Musyoka lilikawia, tena lilikuwa fupi: angoje. Naye Musyoka alingoja. Eunice alipopata cheti wakafunga ndoa, na hakuna aliyenitaka niseme. Dada Tabitha alinipeleka jikoni kuosha sahani. Nilikuwa nasugua sufuria la pilau bwana harusi alipoingia na suti yake, akachukua kitambaa, akaanza kunifutia vyombo. Hatukuwa tumezungumza kwa miaka miwili.

"Bado una maneno mengi?" akauliza.

"Nimebakiza machache."

"Afadhali," akasema, akachukua sahani nyingine.

Mwanangu, utawekwa kati ya wakubwa, kati ya ndugu, kati ya mke na mama. Hilo hulichagui. Unalochagua ni kinywa chako. Mtu akikuomba umsimamie nawe umekwisha ahidi kwingine, mwambie hapo hapo, hata kama sifa inakuponyoka. Ukiwa na maoni, yatoe mapema, yangali hayajamgharimu mwingine. Ukikosea, nenda mwenyewe ukakiri, usitume mtu. Na yule mnayemjadili, kabla ya yote, muulizeni.

Mungu akupe ulimi mmoja na moyo usiousaliti. Akupe rafiki wa kukukasirikia na siku ya kupatana naye. Kila mlango utakaoubisha, wenyeji wajue ni nani amekuja, na wafurahi kukufungulia. Amina.