Darubini ya Joto ya Wendell Hautala

Wendell Hautala aliendesha lori la maziwa miaka thelathini na mmoja katika barabara za msituni kusini mwa Ziwa Superior, na hakuwahi kumgonga kulungu hata mmoja. Wenzake wa kambi ya uwindaji walisema huo haukuwa ustadi. Kulungu wenyewe walimkwepa. Na tangu macho yake yaanze kuingia ukungu, hata kwa bunduki walimkwepa. Msimu wa kwanza alirudi mikono mitupu, wa pili vilevile.

Sasa ulikuwa wa tatu, na kambi yao ilikuwa na sheria yake: misimu mitatu bila mnyama, ulingo wako wa kuvizia anapewa mwingine. Ulingo wa Wendell ulikuwa juu ya mwerezi ukingoni mwa kinamasi, na marehemu baba yake ndiye aliyeupigilia misumari. Aliyeumezea mate ni shemeji yake, Lyle, ambaye tangu Agosti alikuwa akiuliza kama ngazi yake bado ni imara.

Basi Wendell akanunua darubini ya joto. Ni kidude cha kushika kwa mkono mmoja. Ukichungulia, msitu wote unakuwa mweusi, na chenye damu ya moto kinang'aa kama kaa. Lakini Wendell alikuwa mwoga wa sheria. Kabla hajakitoa kwenye boksi alimpigia simu Corinne Dufek, askari wa wanyamapori wa wilaya. Corinne akamwambia kwamba kwa kanuni za pale, kuangalia tu kabla ya msimu, bila bunduki, hakukatazwi. Msimu ukifunguliwa, kidude kibaki nyumbani.

"Na ni haki?" Wendell akauliza.

"Hilo silipwi mshahara kulijibu, mzee wangu."

Asubuhi ya kwanza alitambaa kwa tumbo nusu saa nzima, akilinyatia dume kubwa lililolala. Kumbe ni lundo la samadi ya jirani, linafuka joto. Akarudi nyumbani akaoga mara mbili. Siku ya nne akamwona dume wa kweli, kalala katikati ya kichaka ambacho mtu mwenye akili zake asingekitazama. Saa mbili asubuhi dume huyo akainuka, akapita chini ya mwerezi. Kesho yake akafanya vilevile, na keshokutwa pia.

Msimu ulipofunguliwa, Wendell aliiacha darubini kwenye droo ya soksi, akapanda ulingoni. Saa mbili dume yule akapita palepale. Risasi moja ilitosha.

Pale kambini maini hayaliwi bure. Aliyeua huweka mkono juu ya pembe, akasimulia alivyompata mnyama, na wenzake huuliza watakalo. Shangazi Hilja, mwenye shamba na mwenye kikaango, hapakui mpaka kisa kikamilike.

Mchana ule Wendell akaweka mkono, akasema alifuata nyayo.

"Nyayo gani, shemeji?" Lyle akauliza. "Ardhi imeganda kama sahani."

Wendell akasema basi ni alama za pembe kwenye magome. Lyle akataka kujua ni mti gani, na upande upi. Vitunguu vikaanza kuungua. Hapo Osmo, rafiki wa marehemu baba yake, akamtetea: "Mwacheni. Baba yake naye alikuwa akiona tusiyoyaona."

Sifa ile ndiyo iliyomshinda Wendell. Angeweza kumvumilia Lyle na maswali yake yote, lakini si kumwingiza baba yake kwenye uongo. Akauondoa mkono.

"Sikuona kitu," akasema. "Nilitumia mashine ya joto, wiki moja kabla."

Lyle akasema huko si kuwinda, ni kwenda buchani. Osmo akamkumbusha kamera zake saba zilizofungwa mitini, zinazomtumia picha kwenye simu yeye akiwa kalala anakoroma. Lyle akasema kamera ni kitu kingine. Alipoulizwa kingine namna gani, akasema ni kingine tu.

Shangazi Hilja akagonga kikaango kwa mwiko. "Wendell, bila hiyo mashine ungempata?"

"Hapana, shangazi."

"Basi nyama tunakula, ila haihesabiwi. Ulingo ni wa Lyle." Lyle akaanza kutabasamu. "Akishazitoa zile saba mitini. Sheria ni moja."

"Zote?" Lyle akauliza.

"Zote, baba."

Lyle akayatazama maini yake mpaka yakapoa. Mwishowe akasema, huku akikwepa macho ya Osmo, kwamba ngazi ile kwa kweli haimridhishi, na shemeji yake anaweza kuendelea kuukalia ulingo mwaka mmoja zaidi. Wendell akasogeza sahani, akaongezewa vitunguu, hata vile vilivyoungua.

Januari alikwenda kwa daktari wa macho.