Kumhamisha Mama Kabla ya Krismasi

Mwezi wa kumi na mbili, siku chache kabla ndugu wa Dar hawajaanza kuwasili kwa Krismasi, niliipakia familia yangu kwenye gari kuukuu la kulalia watalii, tukaondoka Nkoaranga. Tulikuwa tisa: mimi, mke wangu, watoto sita na mama yangu. Watu niliwaambia nimepata kazi ya kufundisha chuo Mbeya. Ilikuwa kweli. Ila kazi hiyo ningeweza kuianza Januari, tena peke yangu. Niliharakisha ili kaka yangu aumie.

Kaka ni kifungua mimba, mzee wa kanisa, mtu wa kuombea chakula hadi kipoe. Nilipokuwa chuo kikuu nikisoma nadharia za haki, yeye aling'oa masale, ile mimea ya mpaka kati ya shamba lake na langu, akaipanda upya ndani ya kahawa yangu. Nilirudi na shahada nikakuta mpaka umetembea. Miaka ishirini nilimlalamikia kwa sentensi nzuri, naye akinijibu, "Msomi, kahawa yenyewe hujui kuipogoa." Hilo nalo lilikuwa kweli, ndiyo maana liliniuma.

Lakini kwetu mama hukaa kwa kitinda mimba, na kitinda mimba ni mimi. Nikihama, mama anahama. Krismasi ukoo mzima ungepanda mlimani, ukakuta nyumba ya mama imefungwa na kaka amesimama mlangoni akitafuta maneno. Picha hiyo niliifurahia wiki tatu. Nilikuwa naamka alfajiri kuifurahia.

Gari nililinunua Sakina kwa fundi aliyeapa kwamba limezunguka Afrika nzima. Nilimwamini, lilionekana limezunguka kwa miguu. Lilikuwa na vitanda viwili, jiko na sinki, hivyo watoto wawili walikaa juu ya sinki. Mlango wa ubavuni ulifunguka kwa nje tu. Kwenye mlima wa Tengeru bajaji zilitupita, kisha trekta, na mama akawa anawapungia mkono.

Tulipofika Daraja Mbili jirani akampigia simu mke wangu.

"Kaka yako amekata jani la sale," mke wangu aliniambia. "Yuko kwenye bodaboda, anatufuata."

Kwetu mkosaji akikukabidhi jani la sale, unasamehe. Ukikataa, kosa linakuwa lako. Nikaona njia ni moja tu: asinifikie. Nikakanyaga mafuta. Gari likaongeza sauti, si mwendo.

Kisongo mama akataka kuchimba dawa. Nikasimama kando ya barabara, na kabla sijashuka kumfungulia, bodaboda ikafika. Nikapandisha kioo, nikashika usukani kwa mikono yote miwili, asipate pa kulitia hilo jani. Shikamoo sikumpa. Watoto wakaniangusha kwa pamoja: "Shikamoo baba mkubwa!"

"Marahaba wanangu. Mdogo wangu, fungua."

"Kioo kibovu," nilisema.

"Masale nitayarudisha leo hii. Mrudishe mama."

"Leo ndiyo umekumbuka yalipokuwa?"

Mama akagonga bati. "Nyie! Mimi nimebanwa!"

Kaka akamfungulia. Mama akaenda kichakani taratibu, akarudi, akalichukua jani mkononi mwa kaka bila kuuliza.

"Nimepokea," alisema. "Kwa niaba ya huyu mwenye kiburi pia. Umesamehewa."

Nikaachia usukani. Kaka akamshika mkono ampeleke kwenye bodaboda.

"Wapi?" mama alisema. "Nimesema nimesamehe. Sijasema narudi."

"Na Krismasi, mama? Nitawaambia nini watu?"

"Waambie ulivyohamisha masale. Anzia siku uliponidanganya kwamba ni ng'ombe walioyang'oa."

Akapanda, akakaa kitandani, akaweka jani ndani ya kitenge. Miaka yote nilidhani kisasi ni changu. Kumbe nilikuwa dereva tu.

Nikawasha gari. Likagoma. Nikashusha kioo, kikashuka vizuri kabisa.

"Shikamoo kaka," nilisema. "Tusukume kidogo."

Alivua koti, akampa yule wa bodaboda, akainama nyuma ya gari. Kwenye kioo cha pembeni nilimwona anamsukuma mama yake kuelekea Mbeya, miguu ikiteleza kwenye kokoto. Tukapata mwendo wa kutosha. Ningeachia klachi, injini ingeshika palepale.

Sikuachia upesi.