Lango Lisilo na Mlango

Nakumbuka, mwanangu, asubuhi moja ya baridi kule Herndon, ughaibuni, nilipokuwa binti mbichi kutoka Pemba. Kazi yangu ilikuwa kumtunza Bibi Haruko, mjane wa Kijapani.

Nyuma ya nyumba, marehemu mumewe alisimamisha lango jekundu: nguzo mbili zilizoinamiana kidogo, juu yake boriti iliyopinda ncha kuelekea mbinguni, na chini ya hiyo boriti nyingine iliyopenya nguzo zote mbili. Mlango hakuna, ukuta hakuna. Ng'ambo yake kulikuwa na kijumba cha mbao cha kuombea, basi. Kila siku nilijiuliza, lango hili lamzuia nani?

Asubuhi hiyo ilikuwa yake ya mwisho hapo: kesho yake mwanawe angemhamishia mbali, California, na nyumba ilishauzwa. Bibi akaniomba nimpeleke kule kwenye kijumba akaage. Njia ya langoni ilikuwa imeganda barafu, nikamvuta tulizunguke lango kupitia nyasini.

"Huko siko, binti," akasema. "Huku nje ni kwa watu. Ukivuka lango, umeingia kwa wenyewe, miungu yetu. Na katikati hatupiti, ni njia yao. Sisi tunapita kando ya nguzo."

Akainama mbele ya lango, kisha akaninyooshea mkono tuvuke. Hapo akili ikanipotea. Wahenga walisema ukienda kwa wenye chongo, fumba lako jicho. Nami nimelelewa nisimwinamie ila Mola. Nikimwacha, ataanguka. Nikivuka naye, nitakuwa nimefanya nini? Nikamwomba anisubiri, nikampigia simu ami yangu, Mzee Khamis, aliyekaa mtaa wa Columbia Heights. Nikamweleza yote, maneno yakinigongana.

"Amekuomba uiname?" akauliza.

"Hapana, ami."

"Kakuomba nini?"

"Mkono."

"Basi mpe mkono, mwanangu. Moyo wako hajauomba."

Tukavuka kando ya nguzo. Nilisimama wima, nimemshika. Akaomba kwa lugha nisiyoijua, akalia, kisha akacheka peke yake. Nilirudi ndani sijui nimeingia wapi wala nimetoka wapi. Hata leo, wallahi, sijui vizuri.

Lakini hili nalijua, mwanangu. Dunia hii itakukutanisha na mambo usiyoyaelewa, na kuuliza si ujinga. Usidharau kizingiti cha mwenzio kwa kuwa wewe huoni ukuta. Wala usidhani kila akuombaye msaada anataka na imani yako. Sikiliza kwanza umeombwa nini.

Mola akutie nuru, akupe wa kukushauri unapotatizika, na akujaalie mikono isiyochoka kuwashika wazee. Amin.