Sauti ya Rukaiya Kwenye Singeli

Mie Hamisa ni msusi, Buguruni nzima inajua mdomo wangu hauna breki. Lakini mwanangu Rukaiya, miaka minne na nusu, ana kigugumizi. Neno likimkwama anafumba macho, anapiga mguu chini, na watu wanamdakia: "Sema basi!" Mie mwenyewe nilikuwaga wa kwanza kumdakia, msinione hivi.

Kliniki tukapata mtaalamu wa matamshi, dada wa Kinyakyusa anaitwa Tupokigwe. Akaniambia nimsubiri mtoto amalize mwenyewe, na kila siku nikae naye dakika kumi tucheze huku tunaongea polepole. Polepole, mie! Nikajikaza. Kila Jumamosi nimrekodi mtoto kidogo, yeye Tupokigwe asikilize maendeleo. Simu yangu ni kitochi, kwa hiyo nikawa natumia ya mume wangu, Mwishehe.

Miezi mitano, jamani. Siku moja Rukaiya akamwambia bibi yake, "Shikamoo bibi, nimekula wali," bila kukwama hata mara moja. Nikaenda kulia chooni kwa furaha.

Jumapili iliyofuata tukaenda harusini mtaa wa pili, mtu na mwanawe, tumependeza. Ikapigwa singeli mpya, spidi ya kichaa, na katikati sauti ya kitoto: "Ma-ma-ma-ma-mama, na-na-na-naomba..." Watu wakashangilia. Watoto wakacheza huku wanaigiza. Rukaiya akauachia mkono wangu. Sauti ile aliitambua kabla yangu.

Nikamkuta Mwishehe barazani nyumbani.

"Umempa nani sauti ya mtoto?"

"Mama Rukaiya, usipaniki. Isack wa kijiweni si anatengeneza singeli? Kaisikia kwenye simu yangu, kaipenda. Mtoto keshakuwa staa!"

"Staa? Mwishehe, huna haya!"

"Ishu ndogo hiyo, mke wangu."

Ndogo! Mwanaume aliyekaa na mie pale kliniki, akasikia yote, akaitikia kwa kichwa, leo kamtoa mwanawe achekwe ili yeye asifiwe kijiweni. Bora angeniolea mke wa pili, ningejua pa kulilia. Nilimtukana mpaka sauti ikanikauka.

Isack akaufuta wimbo, lakini bodaboda wote walishakuwa nao. Rukaiya akanyamaza. Akitaka maji anaonyesha kidole. Siku tisa nzima. Baba yake akapiga magoti, akaleta biskuti, mtoto hakumtazama, na mie sikumwonea huruma hata chembe. Moyoni nikasema, katuumiza wawili, mie na mwanangu tuko upande mmoja.

Siku ya kumi tukakaa mkekani, zile dakika zetu za kucheza. Nikasubiri kama nilivyofundishwa. Akanisogelea, akafunua khanga yangu, akapapasa mapajani, akainua mkeka kutazama chini yake. Kisha akanivuta sikio, akaninong'oneza:

"Ma-ma-mama, u-umezima simu?"