Dirisha la Kulia

Nilipoteleza bafuni nikavunjika kifundo cha mkono wa kulia, mfupa uliunganika lakini mkono haukurudi kuwa ule wa zamani. Usukani niliuweza. Kilichonishinda ni jambo la kuaibisha: kuzungusha hendeli ya dirisha la gari. Sikumwambia mtu. Mficha uchi hazai, wanasema, lakini mimi nilikuwa nimeshazaa wanne, nikajiona nimesamehewa.

Siri ilifichuka kwenye geti la hospitali moja kule Parklands. Badala ya kushusha kioo nilifungua mlango ili nipokee kadi ya kuegesha kwa mlinzi. Mguu ukaachia breki, gari likasogea na kugonga kizuizi. Kifungua mimba wangu alichukua funguo siku hiyo hiyo.

"Mum, hii gari tuuze tu. Utakuwa unaitisha teksi."

Nilikasirika nikasusa chakula. Mwishowe tukapatana: dirisha litiwe mota, kisha aketi kando yangu anijaribu. Nikigonga chochote, gari linauzwa.

Fundi wa umeme wa magari niliyeelekezwa kwake yuko karibu na mtaa wa Woodley, na ni mwanamke, mdogo kuliko kitinda mimba wangu. Nilidhani atang'oa mlango papo hapo. Wapi!

"Mama, ingia ukae vile hukaa," alisema. "Funga macho. Sasa kuna soja kwa geti anataka kukuongelesha. Fungua dirisha."

Mkono wangu wa kulia ulibaki pajani. Wa kushoto ulikwenda wenyewe katikati ya viti, karibu na breki ya mkono. Akachora hapo kwa chaki. Hakuuliza naumwa wapi, wala hakunipa pole.

"Swichi itakaa hapa. Wengine huweka kwa mlango, lakini gari ni yako."

Nilimpenda pale pale.

Siku mbili nilikaa kwenye kiti chake cha plastiki nikimtazama. Kabla ya kufunga mota alisafisha raba za kioo, akakipandisha na kukishusha kwa mkono mpaka kikateleza bila kulia. Kioo kikikwama, alisema, mota huungua. Milango mingine aliiachia hendeli zake, ili betri ikizima nisikose hewa. Chanda chema huvikwa pete, na chake kilikuwa kimevikwa grisi hadi kwenye kucha.

Jumatatu tukaenda hospitali ile ile ya Parklands, mwanangu kando yangu, akinitazama kama msimamizi wa mtihani. Getini nilikanyaga breki, nikabonyeza. Kioo kikashuka.

"Habari ya asubuhi, mama," soja akasema.

Nilipokea kadi kwa mkono wa kushoto nikimwomba radhi, maana nililelewa kujua kwamba mkono huo haupokei kitu cha mtu.

Tulipoegesha, nilichomoa funguo nikampa mwanangu, kwani hukumu ilikuwa yake. Alizitazama kidogo. Kisha akaziweka kwenye ule mkono wangu mbovu, akavikunja vidole vyangu juu yazo, kimoja kimoja.