Alama za Mezani

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa dirisha. Lilikuwa na kioo chenye tundu la duara la kupitishia sauti, na chini yake mwanya mwembamba wa kupitishia karatasi. Msajili wa chuo, mtu mnene mwenye sauti nzito ya kwaya, alisimama nyuma yangu akanifundisha kazi kwa maneno machache.

"Madam Mutheu, ukiulizwa kitu hujui, sema kuja kesho. Ukiulizwa kitu unajua, pia sema kuja kesho. Wakijua unajua, hutawahi kunywa chai."

Nilicheka, nikidhani anatania. Kufikia saa nne nilikuwa nimewaambia watu kumi na mmoja maneno hayo, na chai niliinywa ikiwa moto.

Chuo chenyewe kilikuwa Kajiado mjini, chuo cha ufundi kama vingine: umeme, ujenzi, ushonaji, bomba. Ninyi mnaosoma sasa, mliozoea kufungua potali na kutazama kiduara kikizunguka bila kufika popote, msidhani wakati wetu ulikuwa bora. Kiduara chetu kilikuwa na miguu. Mwanafunzi alitoka dirishani kwangu akatafute sahihi ya Mkuu wa Idara, akakuta mlango umefungwa. Akaenda maktaba kuthibitisha kwamba hana kitabu chao, akakuta mwenye muhuri yuko mkutanoni. Akarudi kwangu jioni na viatu vyeupe kwa vumbi, nami nikamwambia fomu hiyo imebadilishwa, siku hizi inatumika ya kijani. Msichana mmoja wa ushonaji aliwahi kuinama hadi mdomo wake ukagusa tundu, akaniuliza kwa upole mkubwa, "Madam, kwani hapo ndani mnafanyanga nini?"

Nilimwambia kuja kesho.

Baada ya miaka mingi dirishani nilihamishiwa tawi la Kitengela, na huko nikapewa ofisi ya atachimenti. Nieleze. Atachimenti ni ile miezi mitatu ambayo mwanafunzi huondoka darasani akafanye kazi mahali pa kweli, chini ya fundi wa kweli. Kila siku huandika alichofanya katika kitabu kinachoitwa logibuku. Kabla miezi haijaisha, mwalimu kutoka chuoni, yaani mkaguzi, humfuata huko aliko, humtazama akifanya kazi, kisha hujaza fomu ya tathmini na kumpa alama juu ya mia. Bila alama hiyo hakuna cheti. Kazi yangu haikuwa kukagua. Mimi nilikuwa karani tu: nilipanga nani amkague nani, nikatunza fomu.

Nilitundika ramani ya kaunti ukutani na kuchomeka pini mahali alipo kila mwanafunzi. Pini nyekundu ni anayesubiri, ya kijani ni aliyekwisha kukaguliwa. Ramani ile ilinifundisha tabia za watu kuliko mahubiri yoyote. Pini za Kitengela, za Gataka, za Laiser Hill zilikuwa kijani ndani ya wiki moja, kwa sababu mkaguzi angeweza kwenda na kurudi kabla ya chakula cha mchana. Za mbali zilibaki nyekundu. Gari liko gereji. Barabara imekatika. Mwalimu ana mkutano. Miezi mitatu ikikaribia kuisha, Mkuu wa Idara aliingia ofisini mwangu, akaitazama ramani kama mtu anayetazama mawingu, akafunga mlango.

"Madam, hawa wa mbali tuwakagulie mezani."

"Mezani vipi, sir?"

"Kwani wewe ni mgeni hapa? Jaza fomu, mimi naweka sahihi. Wape sabini na mbili. Themanini italeta maswali. Hamsini italeta mzazi. Sabini na mbili haina maneno."

Nilijaza. Na kwa kuwa tangu utoto nimependa kazi safi, nilijaza vizuri. Nilibadilisha kalamu, bluu hapa, nyeusi pale. Sehemu ya maoni niliandika, "Ana bidii, aongeze ujasiri," na kwa mwingine, "Anashirikiana vizuri na wenzake." Wengine niliwapa sabini na moja au sabini na tatu ili ionekane mtu alifikiri. Mkuu wa Idara alizipekua akatabasamu. "Madam, wewe ungekuwa mwalimu." Ninaona aibu kuwaambia kwamba sifa ile niliibeba hadi nyumbani.

Tukafanya hivyo muhula baada ya muhula. Wanafunzi hawakulalamika. Mtu aliyezoea kupoteza alama atalalamikaje akipewa?

Nashipae ndiye wa kwanza kulalamika. Alikuwa mwanafunzi wa bomba, atachimenti yake ilikuwa Rombo, kule karibu na mpaka wa Tanzania, kwenye mradi wa maji wa wananchi. Alikuja Jumatatu moja asubuhi, mrefu, mwembamba, amevaa gambuti zenye tope jekundu ambalo si la Kitengela. Aliweka logibuku yake mezani pangu, juu yake karatasi ya alama aliyoichapisha kutoka kwa potali.

"Supa, yeyo," akanisalimu kwa Kimaa, akiniita mama.

"Ipa. Una shida gani, mama?"

"Nimekuja kurudisha hii."

Nilidhani anataka iongezwe. Nikamwambia sabini na mbili ni alama nzuri.

"Ni nzuri. Lakini ni ya nani? Hapa mmesema nashirikiana vizuri na wenzangu. Wenzangu gani, Madam? Niko na fundi mmoja tu, na huyo fundi ni babu."

Niliyatambua maandishi yangu. Ilikuwa kalamu nyeusi.

Akafungua logibuku. Kila Ijumaa, chini ya kazi za wiki, alikuwa ameandika mstari mmoja: Mkaguzi hakufika. Nilifunua ukurasa baada ya ukurasa. Nimebadilisha vali. Nimeunganisha bomba la shule. Mkaguzi hakufika. Nimesafisha tangi. Mkaguzi hakufika. Katika Ijumaa tatu alikuwa ameongeza: Kamati walileta viti.

"Viti gani?"

Ndipo akanieleza. Fundi wao, Mzee Kilonzo, magoti yamemwisha, anarudi kwao Kibwezi. Nashipae ndiye anayeijua pampu, lakini kamati ya maji ilikuwa inasitasita kumkabidhi msichana funguo za nyumba ya pampu. Mwenyekiti aliamua hivi: mwalimu wake akija, akasimama mbele yetu akamtazama akifanya kazi, tutampa. Mara tatu chuo kilimpigia simu kwamba mkaguzi anakuja. Mara tatu wazee walikuja, wakapanga viti, wakachemsha chai, wakakaa hadi jua likageuka.

"Sasa wanasema mimi si mwanafunzi wa mahali popote. Wanasema nilidanganya. Mkutano wa kuamua ni Jumamosi hii. Kuna kijana mwingine anataka hizo funguo, hajawahi kushika spana." Sauti yake haikupanda. "Cheti mtanipa, najua. Lakini kule hawasomi cheti. Wanataka kuona mtu ameniona."

Nilimpeleka kwa Mkuu wa Idara. Alimsikiliza akiwa anapitisha kidole kwenye simu.

"Msichana, wenzako wanalilia alama, wewe unalilia mgeni?"

"Ninalilia mkaguzi, sir."

"Gari hakuna wiki hii. Kuja wiki ijayo."

"Wiki ijayo mkutano umekwisha."

"Basi waambie kamati wafungue potali."

Tukapanda kwa Naibu Mkuu wa Chuo, mama mnyoofu ambaye hakuwahi kunipandishia sauti. Alisoma logibuku yote, na nikaona midomo yake ikitembea kila alipofika Ijumaa. Kisha akaifunga. "Mutheu, tukifungua hii moja, tunafungua zote. Unaelewa zote ni ngapi?" Nilielewa kuliko yeye.

Wanafunzi wenzake Nashipae walimsubiri kwenye ngazi. Habari hufika grupu ya darasa kabla mtu hajatoka ofisini. Kijana mmoja wa bomba, aliyefanyia atachimenti yake Magadi na kupata sabini na moja yangu, alimzibia njia. "Nashipae, acha kutuchomea. Wewe chukua alama, nyamaza, endelea na maisha."

"Ulikaguliwa?"

"Sikukaguliwa, na sikufa."

Wengine walicheka. Yeye alishuka, gambuti zikilia kwenye saruji, nami nikabaki juu nimeshika ukingo wa ngazi kama abiria.

Wiki ile sikutulia. Nilianza barua nikaziacha. Nilikuwa nimebakisha wiki sita nistaafu. Sherehe ya kuniaga ilikuwa imeshaundiwa kamati. Kila nilipoinua macho niliona pini ya Rombo, kijani, mikono yangu ndiyo iliyoichomeka. Alhamisi niliing'oa, nikachomeka nyekundu. Ijumaa niliomba ruhusa ya siku moja, nikaenda Rombo kupitia Emali, bila fomu, bila barua, bila haki yoyote ya kukagua hata beseni.

Jumamosi asubuhi Kilimanjaro ulikuwa wazi kabisa. Viti vilikuwa vimeshapangwa mbele ya nyumba ya pampu, chini ya paneli za sola, na watu kama ishirini wamekaa. Nashipae aliponiona alisimama wima. Mwenyekiti wa kamati, mama wa rika langu mwenye shuka ya buluu na miwani iliyofungwa kwa uzi, alinipa mkono.

"Karibu. Wewe ndiye mwalimu?"

Neno moja tu lilitakiwa. Ningelisema, funguo zingetoka, ningekunywa chai nirudi Kitengela nikiwa mtu mwema. Na ningekuwa nimemkagulia mezani mara ya pili, safari hii mbele ya macho yake.

"Hapana, mama. Mwalimu hakuja. Mimi ni karani. Mimi ndiye niliyemwandikia alama bila kumwona."

Mtu mmoja aliguna. Mzee mwenye rungu aliuliza kwa Kimaa nimesema nini, akatafsiriwa, akauliza tena. Nashipae alitazama chini. Nikadhani nimemmaliza.

Mwenyekiti alivua miwani, akaifuta kwa shuka taratibu. Kisha akasogeza kiti kimoja mbele ya vingine vyote.

"Basi kaa uone kile uliandika."

Nilikaa. Pampu ilikuwa imeanza kuvuta hewa tangu jana. Tangi lilikuwa nusu. Nashipae aliizima, akaingia hadi mapajani kwenye chemchemi ambayo pampu huvuta maji yake, akaivuta juu vali ya chini, ile inayozuia maji yaliyopanda yasirudi. Aliifungua kwa spana mbili. Mzee Kilonzo, aliyekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, alimwita kwa Kiswahili chetu cha Ukambani, "Wewe msichana, ni kokoto hiyo, toa turudishe!" Naye akamjibu bila kugeuka, "Kokoto imetoka, babu. Lakini mpira pia umekwisha. Nikirudisha hivi itavuta hewa tena Jumatatu, na Jumatatu uko Kibwezi." Watu wakacheka. Akakata duara kutoka kwa tyubu kuukuu ya gurudumu, akalipima, akalikata tena, akafunga. Akaijaza pampu maji kwanza kwa mkono, jagi baada ya jagi, hadi hewa yote ikatoka. Akawasha. Tulisikia bomba likikohoa, likanyamaza, halafu tangini, juu kabisa, maji yakaanza kugonga bati.

Sikuwa nimewahi, katika miaka yangu yote chuoni, kumwona mwanafunzi wetu akifanya kazi aliyosomea.

"Ungempa ngapi?" mwenyekiti akaniuliza.

"Sina ruhusa ya kutoa alama, mama."

"Namba zako sizitaki. Nauliza, maji yakikatika kwako, ungemwita huyu?"

"Ningemwita."

Alizungumza na wenzake kwa Kimaa, si kwa muda mrefu. Mzee mwenye rungu alibisha kidogo, akaangalia tangi, akaacha. Mzee Kilonzo alifungua mkanda wake, akachomoa funguo, akazirusha kwenye mikono iliyolowa. Nashipae alizidaka. Baadaye aliniletea logibuku na kalamu. Mahali pa sahihi ya mkaguzi nilipaacha wazi. Chini yake yeye mwenyewe aliandika: Mkaguzi hakufika. Karani alifika, akakaa, akaona.

Jumatatu nilimwandikia Mkuu wa Chuo barua, nikaorodhesha kila fomu ya mkono wangu. Aliniita. "Madam, wiki sita tu. Ungeshindwa kunyamaza wiki sita?" Alama za mezani zilifutwa, na wanafunzi wote wa mbali wa muhula ule wakafuatwa upya. Msisome hapo kana kwamba ni ushindi. Mahafali yao yalisogezwa. Yule kijana wa Magadi alikuja ofisini, hakukaa. "Nilikuwa nimepata kazi, Madam. Walitaka cheti, cheti sina. Ulipotupa alama hukutuuliza. Ulipozichukua pia hukutuuliza." Alikuwa na haki mara mbili. Mkuu wa Idara alihamishiwa tawi jingine na cheo chake kilekile. Mimi nilipewa barua ya onyo, na sherehe yangu haikutajwa tena.

Sasa niko nyumbani, hapa Kitengela. Watu husema kustaafu ni kupumzika. Mimi sijajua bado. Fomu za muhula ule zilirekebishwa, lakini za mihula ya nyuma nani atazifuata? Wako huko nje, watu niliowaandikia "ana bidii" bila kuwahi kuiona bidii yao, wengine mafundi hodari, wengine sijui. Kwa hiyo bomba likivuja na fundi akaja, kabla hajafungua mfuko wake namuuliza alisomea wapi. Akitaja chuo chetu, naenda ndani, naleta kiti, nakaa.