Fundi wa Jabe Anayelisikiliza Jua

Saa tano na dakika kumi asubuhi, uani mwa mkahawa mmoja wa mtaa wa Kinanira, mlimani, Massoudi Hamisi anazungusha dishi kuukuu la miguu mitatu, taratibu, kwa mikono miwili. Hatazami juu. Anatazama kivuli cha kichwa cha dishi, na kinapoangukia katikati ya sahani, kipimo kidogo kilichofungwa kwenye betri ya pikipiki kinaanza kulia.

"Unasikia? Hiyo ni jua," anasema, na uso wake wa miaka arobaini na moja unakuwa wa mtoto siku ya Idi.

Kipimo hicho ndicho mafundi wa dishi, au parabole kama waiitavyo hapa, hutumia kutafutia setilaiti. Massoudi amegundua kuwa kinatosha pia kuanza kusikiliza mawimbi ya redio yatokayo angani. Jua huyatoa mchana kutwa, bure, bila kifurushi cha mwezi.

Lakini leo, siku ya Septemba, hakuja kucheza. Ndani, mwenye mkahawa, Daphrose, ameketi mbele ya televisheni, mikono kifuani. Machi iliyopita alimwita Massoudi mwizi mbele ya wateja. Picha ilikuwa ikipotea kila siku karibu na adhuhuri. Fundi akija, anapanda, anagusa nati, picha ipo, anapewa faranga elfu kumi.

"Nilisema huyu mutu anaharibu mwenyewe, halafu anakuja kutengeneza," anasema Daphrose bila kumung'unya maneno.

Neno likitoka halirudi. Wateja tisa walimhama Massoudi.

Hakuiba, ila hakuwa msafi kabisa, na anakiri. "Nilikuwa nakuta picha imesharudi. Mi nafungua boulon, ile nati, naifunga tena, ili mutu asiseme nimepanda bure. Kisha nikaanza kuamini ni mukono yangu. Apana. Ni jua ilikuwa imeshapita."

Aliyemfumbua macho ni Caritas, mwalimu wa fizikia, mmoja wa wateja waliobaki. Alipekua daftari ambamo Massoudi huandika simu za wateja, akaona malalamiko ya namna hiyo yote ni ya Machi na Septemba. Siku hizo, akamweleza, jua hupita nyuma kabisa ya setilaiti, na kelele zake za redio huimeza sauti ya setilaiti kwa dakika chache. Kisha akamfundisha kukokotoa saa yenyewe.

Ndipo Massoudi akampa Daphrose ahadi: leo, saa tano na dakika ishirini na tano, picha itapotea, na hakuna mtu atakayegusa dishi la juu ya paa. Isipopotea, atafunga kibanda chake cha ufundi mtaani Jabe.

Saa tano na dakika ishirini, wingu zito linalifunika jua. Kivuli kinatoweka. Watu waliokuja kushuhudia wanacheka.

"Fundi, jua yako imekimbia," anapaza sauti Daphrose kutoka ndani.

Massoudi anainamia dishi lake. Anaendelea kuzungusha, sasa kwa sikio tu, na kipimo kinazidi kulia. Wingu huziba macho, lakini mawimbi ya redio hupenya. Mwandishi wa makala haya, aliyekuja na kalamu na mashaka, anasisimka mwili mzima.

Saa tano na dakika ishirini na tano, ndani, msomaji wa habari anakatikakatika vipande, kisha kioo kinakuwa cheusi. Massoudi yuko uani na kila mtu anamwona. Dakika sita baadaye picha inarudi, na wingu bado liko palepale.

Daphrose anainuka kitini. Kisha anachukua chaki, na kwenye ubao wa vyakula, chini ya samaki wa mukeke na ndizi, anaandika: "Kesho TV itapotea kabla ya saa tano na nusu. Ni jua, si fundi."

Massoudi mawazo yake yameshafika mbali. Anataka kuunda pembe kubwa ya bati ya kunasia mawimbi, kwa madebe ya mafuta, aiunganishe na kompyuta ya mwalimu Caritas, asikie gesi iliyotanda kati ya nyota.

"Jua ni jirani," anasema. "Mi nataka kusikia wa mbali. Ila kule Jabe mitambo iko mingi, inapiga kelele mu redio. Huku mulimani kumetulia."

Anamtazama mwenye mkahawa, kisha analitazama paa.

"Madebe nitakupa, na juu upande," anasema Daphrose. "Lakini boulon ya parabole yangu, usiiguse."